Kuweka turbo kwenye Roadster ya 1600 kwa mbio za klabu: nianzie wapi nikiwa Nairobi?

Roadster_Ngong (Nairobi)

Ndugu wapenzi wa magari, salaam.

Ninamiliki Eunos Roadster ya mwaka 1992, ile ambayo nje ya Japani inajulikana kama Mazda MX-5, yenye injini ya B6 ya sentimita za ujazo 1597 na giaboksi ya gia tano. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa ameifunika turubai kwa miaka minne bila kuiwasha, nikaifufua kidogo kidogo kadiri mfuko ulivyoruhusu: mkanda wa taimingi na pampu ya maji, shokamzoba, bushi zote za chini, kisha breki za magurudumu yote manne. Huu ni msimu wangu wa tatu katika mbio za klabu kwenye lami, zile ambazo kila gari huachiliwa peke yake na dereva hushindana na saa. Raundi moja humalizika kwa dakika chache, lakini kwa siku moja mtu anaweza kukimbia mara sita au saba.

Kwenye kona sina malalamiko. Gari lina uzito wa takriban kilo 950, uzito huo umegawanyika karibu sawasawa mbele na nyuma, na pua inaitikia usukani kabla sijamaliza kuuzungusha. Tatizo ni pale njia inaponyooka. Kitabu cha Kijapani kinasema injini hii ina nguvu za farasi 120, ila kwenye mpando wa mwisho kabla ya mstari wa kumalizia nakaa kwenye gia ya tatu huku mguu ukiwa umegusa sakafu, na mshale wa mizunguko unapanda kwa uvivu kama maji ya kisima kilichokaribia kukauka. Nimepima kompresheni, na silinda zote nne zinasoma karibu sawa, kwa hiyo siamini kwamba injini imechoka.

Fundi mmoja amenipa bei ya kuweka turbo. Mpango wake ni kutumia turbo ya mtumba iliyotoka kwenye gari la dizeli, manifoldi ya kuchomelea atakayoiunda mwenyewe, na busti (mgandamizo wa ziada wa hewa) ya bar 0.5, bila intakula (kipozea hewa inayotoka kwenye turbo), kwa kuwa anaamini busti ndogo namna hiyo haihitaji kupozwa. Anasema nitapata farasi 180. Gari hili ndilo ninaloendesha kwenda na kurudi kwenye mbio, na kila Desemba huteremka nalo Mombasa.

Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuifanya kazi hii. Je, injini ya kiwandani itahimili? Na ikiwa fedha zangu hazitoshi kufanya yote kwa mkupuo mmoja, nianze na lipi?

Chuma_Moto (Arusha)

Kaka, umeeleza gari lako vizuri, na hilo linanipa moyo wa kujibu kwa kirefu. Kabla hujampa fundi malipo ya awali, naomba uitazame upya hiyo namba ya bar 0.5, kwa sababu Nairobi na Mombasa haina maana moja.

Geji ya busti hupima ziada juu ya hewa iliyoko nje. Mombasa, usawa wa bahari, hewa ya nje ina mgandamizo wa takriban bar 1.01. Nairobi, kwenye mita 1700 hivi, ni takriban bar 0.83. Hiyo ndiyo sababu ya uvivu unaouona kwenye mpando: karibu asilimia 18 ya hewa haipo, na zile farasi 120 za kitabu zinabaki kama 98. Injini yako haina ugonjwa, ina njaa ya hewa. Sasa ukiongeza busti ya bar 0.5 ukiwa Nairobi, jumla ya mgandamizo ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa inakuwa 1.33. Ukiteremka Mombasa na springi ileile ya westigeti (valvu inayodhibiti busti), jumla inakuwa 1.51. Mshale wa geji utasimama palepale ulipokuwa umezoea kuuona, wala hautakuonya kwa lolote. Injini, hata hivyo, itakuwa inameza hewa zaidi kwa karibu asilimia 14, tena hewa yenye joto la pwani, na kompyuta itakuwa inasoma sehemu ya jedwali la petroli na taimingi ambayo fundi wako hakuigusa kamwe alipokuwa akiitengeneza Nairobi. Injini huanza kugonga katika hali kama hiyo, yaani mchanganyiko wa petroli hulipuka wenyewe ndani ya silinda, na mgongo wa pistoni unaweza kupasuka kabla sikio lako halijasikia chochote, maana upepo wa barabarani na mlio wa ekzosi vinafunika sauti ile.

Kwa upande wa pili, ukitamani kupata Nairobi ile jumla ya bar 1.5 ambayo mtu wa pwani anaipata kwa busti ya nusu bar, turbo yako italazimika kuibana hewa mara 1.8 badala ya mara 1.5. Nimepiga hesabu nikichukulia kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, ambayo ni nzuri kuliko turbo nyingi za mtumba. Hewa iliyoingia Mombasa ikiwa na nyuzi 30 itatoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 83 hivi. Hewa iliyoingia Nairobi ikiwa na nyuzi 25 tu itatoka ikiwa na nyuzi 104. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu ndio tunaohitaji intakula zaidi, si wale wa pwani, na mtu anayekuambia busti ndogo haihitaji kupozwa anasoma geji bila kujiuliza gari limesimama wapi.

Kuhusu turbo ya dizeli, nakushauri uiache. Moshi wa dizeli hutoka ukiwa na joto la chini kuliko wa petroli, na gurudumu la tabini pamoja na nyumba yake vilichaguliwa kwa joto hilo. Katika matumizi ya mjini inaweza kudumu, lakini kwenye mbio, ambapo unashikilia mguu chini raundi baada ya raundi, nyumba hufanya nyufa na gurudumu huanza kulika.

Petroli ndiyo sura nyingine ambayo fundi wako hakuitaja kabisa. Nozeli za kiwandani za 1600 hutoa takriban sentimita za ujazo 210 kwa dakika, kiasi ambacho kinatosha nguvu za kiwandani na kubakiza kidogo sana. Kwa farasi 180 zenye turbo, huku ukiacha akiba ya asilimia 15 ili nozeli zisikae wazi muda wote, unahitaji nozeli za 350 kwa uchache, na mimi ningenunua za 400 au zaidi. Halafu kuna kile kisanduku chenye mlango wa chuma kinachopima hewa inayoingia. Kinabana njia, na mlango ukishafunguka wote hakina tena la kusema, hata hewa ikiendelea kuongezeka. Watu wengi wa Roadster hukiondoa na kuweka kompyuta inayojitegemea, MegaSquirt kwa mfano, ambayo husoma mgandamizo halisi wa manifoldi pamoja na joto la hewa. Ukiwa na kompyuta ya namna hiyo, safari ya Mombasa inawezekana, mradi jedwali lijazwe hadi juu kwa tahadhari, yaani petroli nyingi kidogo na taimingi iliyorudishwa nyuma, hata katika zile sehemu ambazo Nairobi huzifikii.

Weka pia sensa ya oksijeni ya masafa mapana pamoja na geji yake mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Chini ya busti kamili, mimi sipendi kuona uwiano wa hewa kwa petroli uliozidi 12 kwa 1, na hujisikia salama zaidi ukiwa 11.5. Plagi ziwe za baridi zaidi, NGK BKR7E zinafaa, na mwanya wake uupunguze kutoka milimita 1.1 hadi 0.8 ili cheche isizimwe na mgandamizo.

Sasa, je, injini itahimili? Kompresheni ya 9.4 kwa 1 haizuii turbo ndogo, lakini inakudai uangalifu wa taimingi. Konrodi, yaani fito zinazounganisha pistoni na krenki, ndizo zinazonipa wasiwasi. Kinachozipinda ni torki ya ghafla kwenye mizunguko ya chini, wakati silinda ina muda mrefu wa kujaa, na idadi ya farasi haikuelezi hilo. Turbo ndogo mno, inayomwaga busti yote kwenye mizunguko 2800, inaziumiza kuliko turbo ya wastani inayojaa kwenye 3800. Mwambie atakayetengeneza kompyuta aipandishe busti kwa mteremko mrefu. Nguvu zako uzipate kati ya 4500 na 6800, ambako ndiko mtu wa mbio anakaa muda wote.

Zuhura_B6 (Mombasa)

Kaka wa Ngong, karibu. Mimi nimekimbia na Roadster ya 1600 yenye turbo kwa misimu minne sasa, na nakubaliana na hesabu za kaka wa Arusha neno kwa neno. Nitakueleza mambo mawili ambayo hesabu hazikunionyesha, kwa sababu niliyajua kwa kulala chini ya gari.

La kwanza ni oili ya kurudi. Oili huingia kwenye turbo kwa presha kupitia bomba jembamba, na kila mtu hulishughulikia bomba hilo kwa makini, lakini inapotoka haina presha yoyote: inaanguka kwa uzito wake tu, ikiwa imechanganyika na hewa kama povu la sabuni. Gereji iliyonifungia turbo mara ya kwanza ilitumia mpira mwembamba uliopita chini ya mkono wa injini, ukazama kidogo, kisha ukapanda tena kabla ya kuingia kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Mzamo wenyewe haukuzidi upana wa vidole viwili. Barabarani gari halikuwa na tatizo lolote. Kwenye mbio, kila nilipotoka kwenye kona ndefu, wingu la moshi wa buluu lilinifuata nyuma hadi mwamuzi akanipungia bendera. Nikaambiwa sili za turbo zimekufa. Nikanunua turbo nyingine, nikafunga, na moshi ukarudi siku ileile ya kwanza.

Nilipoufungua mpira ule nikaushika mkononi, nikaona pale kwenye mzamo oili imeganda, nyeusi na nzito kama asali iliyoungua, na nafasi iliyobaki haikutosha kupitisha kalamu. Oili ilikuwa inakosa pa kwenda, inajaa ndani ya turbo, inapita kwenye sili ambazo hazikuwa na kosa. Siku hizi bomba langu la kurudi lina upana wa milimita 16 kwa ndani, linateremka moja kwa moja bila kuinuka popote, na linaingia kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Tundu la sampu ulitoboe sampu ikiwa imeshafunguliwa na kuwekwa mezani. Kuna watakaokwambia kwamba inatosha kupaka grisi kwenye kekee ili vumbi la chuma linate. Usikubali, kwa kuwa chembe moja iliyobaki itafika kwenye metali za krenki.

La pili ni nati za manifoldi. Manifoldi yenye turbo hubeba uzito mkubwa ambao ile ya kiwandani haikuwahi kuubeba, na joto huitanua na kuibana tena kila raundi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nasikia mlio mdogo, tik, tik, tik, asubuhi injini ikiwa baridi, unaopotea inapopata joto. Nilidhani ni valvu. Ilikuwa gasketi ya manifoldi ikivuja, nati tatu kati ya zote zikiwa zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Ukisikia mlio huo, usikimbie siku hiyo. Tangu nilipoweka kishikizo cha chuma kinachoibeba turbo kutoka kwenye bloku, pamoja na washa za kufungia nati, sijausikia tena, ila bado nazikagua kabla ya kila mbio na kuzikaza upya injini ikiwa baridi.

Na ukija Desemba, njoo na busti iliyopunguzwa. Huku kwetu joto halina huruma na rejeta.

Roadster_Ngong (Nairobi)

Ndugu Chuma_Moto na dada Zuhura, nawashukuru sana. Nimemwambia fundi yule kwamba nasitisha kazi, naye amenielewa bila ugomvi.

Dada ametaja rejeta, na hapo ndipo hofu yangu ilipo sasa. Hata bila turbo, kwenye raundi ya tano au ya sita mshale wa joto huanza kupanda kidogo. Nimesoma kwamba Roadster ina kasoro ya mzunguko wa maji kwenye silinda ya nne, je, ni kweli? Pia naomba mtu anieleze suala la madaraja ya mashindano, kwani sikulifikiria kabisa hadi nilipozungumza na katibu wa klabu jana.

Mswahili_wa_Leicester (Uingereza)

Nitajibu suala la madaraja, kwa kuwa nimeona watu wengi huku wakitumia fedha nyingi kisha wakajikuta kwenye daraja wasilolijua. FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, hutumia kigezo cha 1.7 kulinganisha injini ya petroli yenye turbo na isiyo na turbo. Injini yako ya 1597 ikizidishwa kwa 1.7 inahesabiwa kuwa ya sentimita za ujazo 2715. Maana yake, siku utakayofunga turbo utaacha kushindana na magari ya 1600 na utapangwa na magari ya karibu lita tatu, hata kama busti yako ni ya bar 0.3 tu. Vilabu vingine vina kigezo chao, na vingine hutenganisha tu wenye turbo na wasio na turbo, kama inavyofanyika kwenye autokrosi ya Kenya kwa magari ya kuendeshwa na magurudumu mawili. Omba kanuni za klabu yako kwa maandishi.

Kisha nakuomba ufikirie ni nguvu kiasi gani unahitaji kweli. Huku Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya BBR ilitengeneza turbo kwa ajili ya MX-5 ya 1600 hii hii, ikauzwa kupitia mawakala wa Mazda, na nguvu zake zilikuwa farasi 150. Mazda wenyewe walipokuja kuuza MX-5 yenye turbo Marekani mwaka 2004 na 2005, wakiwa na injini ya 1800 na giaboksi ya gia sita, waliishia farasi 178. Wahandisi wenye kiwanda kizima nyuma yao walisimama hapo. Kwa gari la kilo 950 la mtu anayelipia vipuri mwenyewe, naona 150 au 160 ni nyingi za kutosha.

Kuna njia nyingine isiyo na turbo kabisa. Injini ya 1800 ya BP, iliyoanza kutumika kwenye gari hili kwa modeli ya 1994, huingia mahali palepale pa 1600. Utapata torki zaidi kuanzia chini, joto la kawaida, na difu (gia za ekseli ya nyuma) kubwa ya inchi 7 ukiinunua pamoja nayo, ambayo hata ukiweka turbo utaihitaji, kwa sababu ile ya inchi 6 iliyomo kwenye gari lako haipendi torki ya turbo pamoja na matairi ya mbio.

Chuma_Moto (Arusha)

Kaka wa Leicester amesema jambo la maana. Nyongeza yangu ni hii tu: kwa mtu wa Nairobi, 1800 isiyo na turbo nayo itapoteza ile asilimia 18, na turbo ni dawa nzuri ya ugonjwa wa mwinuko. Ningekuwa nakimbia Tanga au Mombasa, ningechukua 1800. Kwa kuwa nakimbia nyanda za juu, ningeweka turbo, lakini kwa shabaha ya farasi 150.

Kuhusu maji, ni kweli, na sababu yake ni ya kihistoria. Injini hii ilitokana na familia ya injini za Mazda 323, ambamo imelala kwa upana wa gari, na maji ya moto yanatoka kwenye hedi upande mmoja baada ya kupita silinda zote. Walipoigeuza na kuilaza kwa urefu ndani ya Roadster, upande huo wa kutokea maji ukawa umebanwa na ukuta wa mbele ya miguu ya abiria, na Mazda wakahamishia njia ya kutokea mbele, pale thamostati ilipo sasa. Kwa hiyo maji yanaingia mbele na kutokea mbele, na silinda ya nne, iliyoko nyuma kabisa, inapata mzunguko hafifu kuliko zote. Kwenye matumizi ya kawaida hutaona kitu. Ukiongeza turbo, silinda hiyo ndiyo huanza kugonga, na kwenye injini zilizokufa nilizowahi kuzifungua, pistoni ya nne ndiyo iliyokuwa na alama mbaya zaidi.

Tiba yake ni kuhamisha nyumba ya thamostati kuipeleka nyuma ya hedi, kuziba njia ya mbele, na kuyarudisha maji kwenye rejeta kwa mpira mrefu unaopita kando ya injini. Kazi yenyewe si kubwa kwa fundi mwangalifu, ila nafasi ya nyuma ni ndogo mno, na ni rahisi kuifanya injini ikiwa nje. Geji ya kiwandani usiiamini, kwani mshale wake hukaa katikati kwa muda mrefu wakati joto limeshabadilika. Weka geji yenye namba.

Lakini kabla ya hayo yote, piga magoti mbele ya gari uangalie chini ya pua. Kuna plastiki pana iliyofungwa kwa skrubu, inayotoka kwenye bampa hadi karibu na fremu ya mbele. Mafundi wengi huitupa kwa sababu inawazuia kufikia oili. Plastiki hiyo ndiyo inayolazimisha hewa ipite ndani ya rejeta, na ndiyo inayofanya hewa ya moto ivutwe kutoka nyuma yake gari linapokwenda kasi. Ikikosekana, gari hupoa vizuri kwenye foleni kwa msaada wa feni na kupata joto kwenye mbio, jambo ambalo huwachanganya watu wengi. Ziba pia mianya ya kushoto, kulia na juu ya rejeta kwa bati jembamba au sponji ngumu. Hewa ni mvivu, ikipata upenyo itaikwepa rejeta, na ukishaweka intakula mbele yake itaikwepa zaidi.

Umeuliza uanze na lipi. Mimi ningeanza na maji na plastiki, halafu kompyuta na sensa ya oksijeni wakati injini bado haina turbo, ukimbie nusu msimu hivyo hivyo hadi uzijue tabia zake na uwe na kumbukumbu za joto na petroli za kulinganisha. Nozeli, klachi na difu vifuate. Turbo, manifoldi na intakula viwe vya mwisho kununuliwa. Jambo moja zaidi la kukagua: injini za kwanza, hadi mwaka 1991, zilikuwa na krenki yenye pua fupi, ambayo bolti yake ya mbele ikilegea hula mfereji wa ufunguo na puli ikaanza kuyumba. Gari lako ni la 1992, ila huwezi kujua kama injini ni ya kwake. Hesabu mifereji inayoonekana kwenye puli ya krenki. Ikiwa minne, ni pua fupi, na nisingeiwekea turbo. Ikiwa minane, endelea.

Zuhura_B6 (Mombasa)

Naongezea kwamba matairi na pedi za breki za mbio viingie kwenye hesabu mapema. Turbo itakufikisha kwenye kona ileile ukiwa na kasi zaidi, na breki za kiwandani zilizokutosha kwa misimu mitatu zitaanza kulainika mguuni raundi ya pili. Badilisha mafuta ya breki kila baada ya mbio chache, kwa sababu hunyonya unyevu na kuchemka mapema.

Roadster_Ngong (Nairobi)

Ndugu zangu, nimerudi na majibu ya ukaguzi.

Nimehesabu mifereji ya puli kwa tochi na kioo kidogo: ni minane. Plastiki ya chini ya pua haipo, na matundu ya skrubu zake yana kutu ya siku nyingi, kwa hiyo iliondolewa zamani kabla gari halijafika kwangu. Nimeagiza ya mtumba, na wakati naisubiri nimekata bati la alumini kwa kipimo cha karatasi na kulifunga kwenye matundu yaleyale. Jumapili nilizunguka nalo kwa dakika ishirini mfululizo nikiwa na geji ya muda yenye namba, na joto lilisimama kwenye nyuzi 91 wakati wote. Wiki moja kabla, kwenye njia hiyohiyo na kwa mwendo huohuo, bila bati, nilifika 102 nikaacha.

Katibu wa klabu amenipa kanuni kwa maandishi. Nikiweka turbo nitahamia daraja la wenye turbo la magurudumu mawili, ambalo msimu uliopita lilikuwa na magari matano tu, nami nimeridhika nalo. Shabaha yangu sasa ni farasi 150. Fedha nilizokuwa nimemwekea fundi zinakwenda kwenye kompyuta, sensa ya oksijeni na kazi ya kuhamisha thamostati, ambayo nitaifanya mwezi wa sita injini itakapotoka kwa ajili ya sili ya nyuma ya krenki inayovuja.

Nina swali moja lililobaki kwa kaka wa Arusha: ule mpira mrefu wa kurudisha maji, ni bora upite upande wa manifoldi ya hewa au upande wa ekzosi? Upande wa ekzosi una nafasi zaidi leo, lakini nahofia kwamba turbo itakapokuja utakuwa karibu mno na moto.

Chuma_Moto (Arusha)

Pitisha upande wa manifoldi ya hewa, hata kama utalazimika kuhamisha mabano mawili matatu ya nyaya. Pima urefu mapema na uufunge mahali pasipogusa mkanda wala puli. Ukishaitoa injini, tupia picha ya nyuma ya hedi hapa kabla hujaziba njia ya mbele, nikuonyeshe gasketi inapotakiwa kukaa.